Mapigo Mia Mbili na Kumi

Albamu yetu ya nne ina kasi kuliko mimi, na mimi ndiye mpiga dramu. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia kabla ya wakati wake.

Bendi yetu inaitwa Msumari. Tuko wanne. Radi anaimba, Mapacha wanapiga magitaa, mmoja la solo na mwingine la besi, na mimi nakaa nyuma. Mapacha si ndugu hata kidogo. Wanaitwa hivyo kwa sababu tangu shule hakuna aliyewahi kumwona mmoja bila mwenzake. Mimi naitwa Cherehani kwa ajili ya miguu yangu, maana tunapiga thrash, ile metali ya kasi ambayo jirani yangu anasema ni mabati yanayoporomoka ngazini, na katika muziki huo miguu ya mpiga dramu haipati likizo. Radi ni rafiki yangu wa miaka ishirini na miwili, na ni shemeji yangu pia. Alimwoa mdogo wangu wa kike, wakapata binti ambaye sasa ana miaka kumi na minne na ananiita mjomba kwa sauti ya kuamrisha.

Wimbo uliobeba jina la albamu, "Chuma Hakilii," unakwenda mapigo mia mbili na kumi kwa dakika. Studio niliujaribu siku tatu nikashindwa. Goti la kulia lilikuwa limeshaanza kunigomea, na nilikuwa nimelifanya siri, nikilikanda bafuni mlango umefungwa. Siku ya nne wenzangu walipokwenda kula, fundi wa studio alinionea huruma. Alichukua vipande vyangu vichache vizuri, akavikata na kuviunga kwenye kompyuta kama mtu anayetia viraka suruali, akaniambia hata wakubwa hufanya hivyo. Wenzangu waliporudi wakasikiliza, wakanipiga mabega, wakasema Cherehani imetiwa mafuta. Nikacheka nao. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo.

Ikaja ziara ya kuitangaza albamu, miji kumi na miwili. Sitawachosha na mikosi yote. Gari letu lilikufa mara tatu, na mara zote tatu kwenye mlima. Katika mji mmoja mwenye ukumbi alidhani sisi ni kwaya, akatupangia viti kwa mstari na maua ya plastiki, na watu wazima waliokuja na miwani yao wakatusikiliza kwa adabu mpaka wimbo wa pili, kisha wakaondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka wameacha jiko linawaka. Hayo tuliyacheka. Lililotuangusha halikuchekesha, na nililifanya mimi.

Katika mji wa kwanza mguu ulikufa ganzi wimbo wa tatu. Nikasingizia pedali. Sasa, katika bendi kama yetu, mpiga dramu peke yake ndiye anayevaa vile visikizi vyenye mashine ya mapigo. Inagonga tik tik tik ndani ya sikio lake, na wengine wote wanamfuata yeye. Akienda mbio wanakwenda mbio, akilegea wanalegea, wala hawajui. Kwa hiyo mji wa pili nikaiweka mashine mia mbili na nane. Mji wa tatu nikapunguza mawili mengine. Haba na haba hujaza kibaba, na uongo nao una kibaba chake. Kufika mji wa kumi tulikuwa kwenye mia na tisini na mbili, goti limetulia, na pacha wa besi akawa anasema siku hizi tumekuwa wazito, lakini uzito mtamu.

Radi ndiye aliyeanza kubadilika.

"Chuma Hakilii" unamalizika kwa ukelele mmoja, mapigo sitini na manne kwa pumzi moja, bila kukata. Hicho ndicho kitu ambacho Radi anakijua kuliko jina lake. Alikifanyia mazoezi mwaka mzima, mpaka kifua chake kikawa kinajua chenyewe pa kuanzia na pa kuishia. Katika mji wa sita ukelele ulikatika karibu na mwisho. Akatania kwamba amekula sana. Mji wa saba ukakatika tena, na wa nane mapema zaidi. Akaacha kutania.

Mnahitaji kujua kwamba baba yake alikuwa mvunja kokoto, na alifariki kwa kifua akiwa na miaka arobaini na mitatu. Radi alitimiza arobaini na mitatu tukiwa njiani, mji wa tano. Tulimnunulia keki.

Mimi na yeye tulikuwa tunalala chumba kimoja katika kila nyumba ya wageni, kama siku zote. Zamani tulikuwa tunapiga soga mpaka Mapacha wagonge ukuta. Sasa alikuwa anajifungia bafuni, nami nasikia akivuta pumzi, kimya, halafu anaiachia na kulaani kwa sauti ya chini. Alikuwa anajipima kwa saa. Mimi niko kitandani na kitambaa cha maji baridi gotini, nimejifunika shuka asikione. Watu wawili chumba kimoja, kila mmoja na ugonjwa wake uvunguni. Sijawahi kuwa mpweke vile, na nimewahi kuishi peke yangu miaka tisa.

Asubuhi baada ya mji wa kumi aliniomba nimsindikize hospitali. Tulikaa kwenye benchi la mbao, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa na daktari kwamba mapafu yake ni mazima, apumzike tu. Alitoka na ile bahasha kubwa ameishika kwa mikono miwili. Akaniambia hata baba yake aliambiwa apumzike. Kisha akasema ameshaamua: onyesho la mwisho, la nyumbani, ataaga jukwaani. Amemwambia mke wake aje na mtoto, wamsikie angali anaweza.

Mwendo wa kurudi nilikuwa nahesabu kichwani, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu. Mapigo sitini na manne kwa kasi ya mia mbili na kumi ni sekunde kumi na nane na ushee. Kwa mia na tisini na mbili ni sekunde ishirini kamili. Kifua chake kilikuwa kinafika palepale kilipofundishwa kufika, halafu kinakuta wimbo bado haujaisha. Zile sekunde mbili kasoro alizokuwa anazifia zilikuwa zangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba ukificha yako, kifo kinaweza kwenda kubisha hodi kwa shemeji yako.

Nikasimama njiani. Radi akageuka, akauliza kulikoni. Nikasema kiatu.

Mchana ule mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa ameshalia, nilimjua kwa sauti.

"Kaka, wewe uko naye. Anakufa?"

"Hafi."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa nyuma ya ukumbi wa mji wa kumi na moja, hakuna mtu, na ulimi wangu ni mzima. Nikasema simsikii vizuri, nikakata. Kama kuna jambo moja katika maisha yangu ambalo ningelipa mguu wangu mzuri nilirudie, ni ile simu.

Jioni ile Radi hakujaribu ukelele. Alipofika pale aliwanyooshea watu maikrofoni waimbe wenyewe. Walikuwa thelathini hivi, na hakuna aliyeweza.

Mji wa mwisho ulikuwa wetu. Tulifika mchana, Mapacha wakaenda kusalimia kwao, fundi sauti akawa nje anavuta nyaya. Nilikuwa nafunga matoazi kwenye stendi, Radi amekaa juu ya kasha la spika, ananitazama kama mtu anayetazama chumba alichokwisha kukihama. Nilijua nikisema nitakikosa kiti changu, na huenda nimkose na yeye. Nisiposema, atashuka jukwaani usiku ule akiamini anakwenda kufa.

"Shemeji," nikasema, "kifua chako hakina kitu."

"Hata daktari alisema."

"Daktari aliangalia kifua. Hakuangalia mashine yangu. Nimepunguza mapigo kumi na manane. Goti haliwezi. Studio pia sikupiga mimi, fundi aliunga vipande."

Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu mji wa pili. Aliniuliza kama nilijua tulipokuwa kwenye lile benchi, nikamwambia nilijua tulipotoka. Akatikisa kichwa polepole, akitazama mikono yake.

"Nimeshamwelekeza mpwa wako kwa simu vilipo vyeti vyangu," akasema. "Hati ya kiwanja. Nimemwambia amwangalie mama yake. Mtoto wa miaka kumi na minne, Cherehani. Akaniambia sawa baba."

Nikakaza toazi lililokuwa limeshakazwa.

"Rudisha kasi," akasema.

"Mguu hautafika mwisho."

"Sikukuuliza habari za mguu. Rudisha."

Nikairudisha mbele yake, mia mbili na kumi.

Ukumbi ulijaa, kwa mara ya kwanza katika ziara nzima. Mdogo wangu alikuwa mbele kabisa, amemshika binti yake mkono kama wanaovuka barabara. Wimbo wa kwanza nilijikaza. Wa pili nilikuwa nauma meno. Wa nne goti likakata tamaa, mguu ukawa unaanguka tu juu ya pedali kama wa mtu anayesinzia, na Mapacha wakageuka kunitazama, wote wawili kwa pamoja. Watu wa mbele nao waliona. Mmoja alininyooshea kidole. Nikaendelea kwa mikono na mguu wa kushoto. Miaka ishirini na miwili, sijawahi kupiga vibaya vile, wala mbele ya watu wengi vile.

Ukafika ukelele. Radi alifumba macho, akavuta pumzi, akaanza. Mimi nilikuwa nahesabu na mashine sikioni: arobaini, hamsini, sitini. Sitini na nne ikafika, yeye bado. Akaipita, akaenda mpaka sabini na mbili, na alipokata hakuwa hata anahema. Akacheka kwenye maikrofoni kama mtoto. Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Hakuaga. Aliwaambia tutaonana mwakani.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, niliwaambia Mapacha habari ya mguu na ya studio. Hawakunitukana. Walitazamana, wakaenda kukunja nyaya zao. Kisha mdogo wangu akaja mbio, akanikumbatia shingoni, jasho langu lote likamwingia. Radi alikuwa amemwambia ulikuwa uchovu tu, daktari ndiye aliyegundua.

"Ahsante, kaka," akasema. "Ahsante kwa kuniangalizia mume wangu."

Nilimtazama Radi juu ya bega lake. Alikuwa anavaa koti, anatafuta mkono wa pili, hakuinua macho. Nikaelewa kwamba hatamwambia kamwe, na kwamba hakufanya hivyo kwa ajili yangu.

Wakaelekea mlangoni wote watatu, na nje Mapacha walikuwa wameshawasha gari. Mpwa wangu akarudi hatua mbili.

"Mjomba, twende. Tunakwenda kula."

Nilikuwa nimeshanyanyua fulana yangu kutoka kitini.

"Mjomba wako ana kazi ya kufungasha," baba yake akasema, amenipa mgongo, amewashikia mlango.

Dramu zetu hufungashwa na watu wawili, kwa nusu saa. Nikaweka fulana chini, nikaanza na matoazi.