Sadaka ya Kahawa Mbichi

Agnetha, mke wa Gaudiosus, alipofika uani kwa Kokugonza asubuhi ya Jumamosi, alikuta sufuria iko motoni na harufu ya majani ya kunukia imetanda hadi kwenye migomba. Kokugonza hakuinuka. Aliendelea kugeuza kahawa kwa mwiko, taratibu, kama mtu aliyekuwa akimtarajia mgeni huyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea, mwanangu."

"Nimetumwa, mama. Wakwe wanakuja kesho jioni kutoka Isingiro kumposa binti yetu, na nyumbani hatuna hata punje moja ya akamwani."

Kokugonza alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

Kijiji kizima cha Kanoni hakikuwa na akamwani mwaka ule, na aliyeiondoa ni Gaudiosus mwenyewe. Kahawa hiyo ya kutafuna, ambayo mgeni wa heshima huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa habari za safari, huchumwa ikiwa ingali ya kijani, ikachemshwa na majani, kisha ikaanikwa. Kahawa ya kuuza, kinyume chake, sharti iive ikawa nyekundu. Anayeichuma mbichi huharibu gunia la wenzake. Kila mtoto wa Karagwe anaijua tofauti hiyo, na Gaudiosus, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima na mzee wa kanisa kwa pamoja, aliijua vizuri zaidi.

Hata hivyo, mwaka uliopita aliuona ungo wa kahawa ya kijani uani kwa Kokugonza, akaubeba mpaka kanisani. Ilikuwa Jumapili aliyopewa zamu ya kufundisha juu ya imani na kazi, naye alikuwa akitafuta mfano. Aliuinua ungo ule mbele ya usharika wote.

"Tazameni! Mkristo anamwimbia Mungu hapa, kisha anakwenda kumwibia shambani!"

Kokugonza alisimama, akasema kwamba ile ilikuwa ya akamwani.

"Keti, mama," Gaudiosus alimjibu. "Hapa hatuzungumzii vitu vya kutafuna."

Watu walicheka. Tangu siku hiyo ghala la chama lilifungwa kwake, akawa anawauzia kahawa walanguzi wa barabarani, kwa bei waliyoitaka wao. Wanawake aliozoea kuanika nao walimwita Mama Mbichi. Na kwa kuwa hakuna aliyependa kuitwa hivyo, hakuna aliyethubutu tena kuchuma ya kijani.

Mwaka mzima Kokugonza alikuwa amepiga magoti akiomba apewe moyo wa kusamehe, na mwaka mzima alikuwa ameinuka na moyo uleule. Kahawa ilipoanza kunenepa mitini, aliacha kuuomba, akachukua kikapu.

"Tutanunua kwa bei yoyote, mama," Agnetha alisihi.

"Haiuzwi, hii wala ile iliyokwisha kukauka. Kesho ni sikukuu ya mavuno, nami nimekwisha kumtolea Mungu. Mwambie mzee wako aje mnadani kama watu wengine."

"Na akiikosa? Ile inayouzwa stendi ya Kayanga wakwe wataitambua kuwa si ya kuandaliwa nyumbani."

"Wataitambua kabla hawajaketi," alisema Kokugonza. "Nenda salama. Wewe sina neno nawe."

Siku ya pili, ibada ilipokwisha, sadaka zilipangwa nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu. Mwinjilisti Benjamin ndiye aliyenadi. Kwa desturi ya usharika ule, mtoaji huruhusiwa kusema neno kabla sadaka yake haijanadiwa, na wengi humshukuru Mungu kwa mvua wakaketi. Kikapu cha akamwani kilipoinuliwa, Gaudiosus, aliyekuwa amevaa suti ya kupokelea wakwe, alipaza sauti ya bei hata kabla ya kuulizwa.

"Ngoja kwanza, mzee," alisema Benjamin. "Mtoaji ana neno."

Kokugonza alisogea mbele, akaunyosha mtandio wake.

"Kahawa hii ilichumwa mbichi, yote. Mwaka jana niliambiwa hapa kwamba kuchuma hivyo ni kumwibia Mungu. Basi mwenyekiti atufundishe leo. Kama ni wizi, Mwinjilisti aimwage chooni, maana Mungu hapokei mali ya wizi. Na kama si wizi, mwenyekiti aseme siku ile alinitendea nini."

Gaudiosus alitazama kikapu, akatazama barabara.

"Mama, mambo haya tungeyazungumza nyumbani."

"Ungo wangu hukuuzungumzia nyumbani."

"Sema, mwenyekiti!" sauti ya kike ilitoka nyuma. "Wakwe wamekwisha kuipita Nkwenda!"

"Wakifika watatafuna suti!" akadakia mwingine, na kicheko kikasambaa uwanja mzima. Kokugonza alikisikiliza kicheko kile kama mwenye kiu anavyosikiliza maji yakimiminwa.

"Si wizi," alisema Gaudiosus.

"Nyuma hawajasikia."

"Si wizi! Nilijua ni ya akamwani. Nilimsingizia Mama Kokugonza."

Benjamin alimpa kikapu kwa bei aliyokwisha kuitaja, akawaita wote wawili wapeane mikono. Gaudiosus aliunyosha wake. Kokugonza aliutazama tu.

"Sadaka ni ya Mungu, Mwinjilisti," alisema. "Mkono ni wangu."

"Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, mama. Utaikaribiaje?"

"Jumapili ijayo haijafika."

Jumatatu asubuhi alifika ghalani na kahawa yake iliyotangulia kuiva, iliyochumwa nyekundu ikakaushwa vizuri. Foleni ilikuwa ndefu. Gaudiosus alimwona, akaharakisha kumsogezea mizani.

"Karibu, mama. Yako haina haja ya kukaguliwa."

"Ina haja kubwa. Mwaga."

"Mama, watu wanangoja."

"Nami nilingoja. Mwaga mbele ya macho yao, uchambue. Ukiona mbichi, iinue juu kama ulivyouinua ungo."

Hakuna aliyemtetea mwenyekiti. Gaudiosus aliimwaga kahawa juu ya turubai, akapiga magoti na kuanza kuichambua, na Kokugonza akavuta kigoda, akaketi mbele yake.