Mtori Aliokula Mbwa

Siku ya nne ya kujinyima chakula, kichwa kilianza kumgonga Odilia kabla hajamaliza kufagia uwanja. Wala hakuhitaji daktari wa kumwambia kimetoka wapi. Yai moja asubuhi, tango mchana, chai ya rangi bila sukari jioni: nani asingeumwa? Jana yake alishindwa, akanywa uji kikombe kizima, na nusu saa haikuisha kichwa kikatulia. Lakini sendofu ya kumuaga mdogo wake Hilaria kabla ya harusi, kule Uru, ilibakiza wiki mbili, na fundi wa Moshi mjini alishamwambia bila haya kwamba gauni lake la siku hiyo halina tena pa kuongezwa.

Angesema ukweli tu, mambo yangekwisha. Ila mama mkwe wake, Bibi Eliaichi, alipomkuta ameinamia kizingiti cha jiko, akauliza, "Mama Given, unaumwa?"

"Kichwa tu, Mama. Sijui kimetoka wapi."

Aliona aibu kusema anashinda na njaa kwa hiari yake, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Ambrosi, mumewe, alikuwa juu mlimani akiongoza watalii, basi mama yake akaona mgonjwa ni wake. Kila mchana mwanamke huyo wa miaka sabini na mbili, goti moja bovu, alitoka nyumba ya chini akipanda na sufuria ya mtori: ndizi zilizopondwa zikalainika, nyama ya mfupa, siagi juu. "Kunywa ungali wa moto," alisema, kisha akashuka polepole akijishikiza kwenye migomba. Odilia alipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Akishaona kilemba cha mama mkwe kimepotea migombani, alizunguka nyuma ya banda akammwagia mbwa. Harufu ya ile siagi nusura imlize. Moyo ulimsuta kila siku, na kila siku alijiambia kesho atasema. Aliyenenepa ni mbwa.

Siku ya tisa mtori haukuja. Odilia alimshukuru Mungu, halafu akajichukia kwa kushukuru. Kesho yake asubuhi Bibi Eliaichi alikuja bila sufuria. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Huku mlimani hakuna asiyejua maana ya jani hilo. Anayelileta anakiri kosa na kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Lakini mama mkwe kumletea mkwe wake! Hilo Odilia hakuwahi kuliona.

"Juzi nilisahau mfuniko, nikarudi," Bibi Eliaichi alisema. "Nikaona anayekula. Nimekaa siku mbili najiuliza nimekukosea nini mpaka chakula cha mkono wangu kiwe cha mbwa. Labda ni lile neno langu siku ya kipaimara cha Given. Mimi ni mzee, nasema ovyo. Nisamehe, mwanangu."

Akamnyooshea jani. Kulikataa haiwezekani, na kulipokea ni kukubali kwamba mama huyu amekosa. Odilia alilipokea, akapiga magoti, na ukweli wote ukamtoka: gauni, matango, njaa, uongo. Alilia kwa aibu kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Hukunikosea kitu, Mama. Mwenye kosa ni mimi. Nisamehe." Akamrudishia jani lile lile.

Bibi Eliaichi alilitazama. Mkono hakuunyoosha.

"Nilidhani una uvimbe kichwani, kama uliomuua dada yangu," alisema. "Nimekuombea kwa machozi. Hilo jani nimelileta mimi, kwa kosa ambalo sikulifanya. La kwako kalichume mwenyewe."

Akashuka zake.

Odilia alikwenda mpakani mwa shamba, penye ua wa isale, kichwa kikimgonga, akachuma jani, akalifunga fundo. Alilifikisha nyumba ya chini kabla jua halijawa kali. Bibi Eliaichi alilipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyomtaka, akatamka kwamba amesamehe, akaliweka juu ya meza. Kisha akaendelea kumenya ndizi zake, chache, za mtu mmoja. Hakumwambia karibu.