Kibaraza cha Wasindikizaji

Alasiri ile nilichoka roho kabla ya mwili. Mhandisi Mbwambo, mkuu wa ofisi yetu ya usanifu, alikuwa ameinama juu ya mchoro wangu wa jengo la abiria na kusema, "Rukia, mdogo wangu, futa kibaraza hiki. Uwanja wa ndege ni wa abiria, si wa wasindikizaji. Weka kioo mpaka juu, viyoyozi vitamaliza mengine. Kesho niukute umeutia saini." Nikafuta. Kisha nikalaza kichwa palepale mezani, na usingizi ukanichukua na hasira zangu.

Nikajiona katika nchi isiyo na kivuli, mbele ya jumba la kioo lililong'aa hadi macho yakauma. Mwenyewe, Fahari, alikaa ndani akipulizwa na mashine mia, nazo zikitema joto lote nje, juu ya vichwa vya wasiosafiri. Akanijia bibi mwembamba aliyejifunga kanga kuukuu, akaniambia anaitwa Kiasi.

"Usibabaike, mwanangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Twende kwangu."

Kwake palikuwa na kuta nene za mawe, paa pana, maji ya mvua yakishuka kisimani, na baraza ndefu ambako jamaa za wasafiri walikula visheti wakitazama ndege zikiruka. Nilitamani nikae pale nisiondoke. Nikamuuliza mashine zake ziko wapi.

"Upepo upo, mwanangu. Kazi yetu ni kutouzibia njia. Na yule aliyesimama juani kwa Fahari, humjui?"

Nikageuka. Alikuwa mama yangu, bakuli la visheti mkononi. Mara nikawa ndani ya kioo, nikigonga, nikimwita. Hakuniona. Kioo kilimrudishia sura yake mwenyewe, naye akawa anaipungia mkono, akidhani ananiaga mimi.

Nikaamka nikilia. Ndivyo ilivyokuwa kweli, siku niliyokwenda kusoma ughaibuni: mimi nilimwona, yeye hakuniona, na niliporudi nilikuta kaburi. Miaka kumi na miwili nina hamu na mama yangu, na alasiri hii nimechora kioo kilekile.

Mistari ya kibaraza ilikuwa bado inaonekana kwa mbali chini ya alama za ufutio. Mhandisi atakasirika, na akasirike. Nikachukua penseli, nikaanza na benchi la mama, upande unakotoka upepo. Ndipo nikatia saini.