Alama Nyekundu kwenye Ramani ya Tumbatu

Mara yake ya kwanza kwenda ukweni Tumbatu, Lamya alibeba ramani. Wenzake hubeba halua. Yeye, kwa kuwa alifanya kazi kwenye nyaraka za kale mjini, alitoa nakala ya ramani ya kisiwa hicho, iliyochorwa enzi za Mwingereza, akaitia fremu. Alitaka mama mkwe wake, Bi Riyama, ampende. Basi.

"Ahsante, wifi," alisema Mayasa, dada wa mumewe. "Mchana tutaipika kwa nazi au tutaikaanga?"

"Mwache mwenzio." Bi Riyama aliisogelea ramani, ambayo Lamya alikwisha kuitundika ukutani. "Kisima chetu hiki hapa! Na kilima cha makaburini." Kidole chake kikateremka mpaka pwani, kikasimama penye alama nyekundu. "Na hii?"

"Mwamba wako wa pweza, mama. Kanionesha Hamad, nikautia alama mwenyewe."

Mayasa alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimcheza. "Kaka kaoa, kapagawa! Mwamba ambao mama hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja!"

Hamad, mume wa Lamya, aliyesimama mlangoni, aliangalia miguu yake. Lamya masikio yalimwaka. Alikuwa amemtundikia mkwewe siri yake ukutani, tena ndani ya kioo. Alinyanyua mkono aitungue, na hapo hapo ikasikika hodi.

Aliingia Bi Fatma, jirani ambaye kwa miaka alikuwa akimfuata Bi Riyama pwani ili aujue mwamba huo, akiachwa njiani kila mara. Alikuja kumuona bibi harusi, lakini macho yalikwenda ukutani.

"Mashaallah! Na hiki chekundu nini?"

Lamya huona haya hata kuomba chumvi mezani. Lakini alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu:

"Hapo ndipo Hamad alipobanwa kidole na kaa, Bi Fatma. Akalia mpaka akabebwa mgongoni."

"Masikini! Alikuwa mdogo?"

"Alishaota ndevu."

Bi Fatma alimgeukia Hamad. Hamad alimtazama mama yake. Mama yake alimkazia jicho.

"Alikuwa kaa mkubwa," alisema Hamad.

Bi Fatma alicheka mpaka akaomba maji, kisha akatoka mbio kwenda kuwapa majirani habari.

 Bi Riyama alichukua mchokoo wa pili wa kutolea pweza mwambani, uliokuwa nyuma ya mlango, akampa Lamya.

"Kesho maji yakitoka tunakwenda mimi na wewe. Viatu hivyo vya mjini viache hapa. Hamad atapika."