Nyama Mbichi ya Kibiriti

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna nyama ya ng'ombe iliyotoka katika machinjio yale bila kupita mbele ya macho ya Bibi Muhuri. Jina hilo alipewa na wachinjaji, na mwanzoni lilikuwa la kumkejeli. Lakini miaka ilivyokwenda kejeli ikachujuka, hata siku alipostaafu mkurugenzi mwenyewe akalitaja katika hotuba pasipo kutambua. Kazi yake ilikuwa ukaguzi. Mzoga ulimjia ukining'inia kwenye reli ya juu, naye akapasua tezi za shingo, akaufungua moyo, akalibonyeza ini kwa vidole viwili, akanusa. Kisha ama aligonga muhuri wa wino wa zambarau, ama alitikisa kichwa, na akishatikisa kichwa hapakuwa na wa kumgeuza. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumpigia magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. "Simama, baba, unalowesha suruali bure," alimwambia. "Si mimi niliyekataa. Nyama yako imejikataa yenyewe."

Mtu wa namna hiyo si rahisi kumfundisha jinsi ya kumlisha mbwa wa kilo tatu.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kibiriti, kwa udogo wake na kwa wepesi wake wa kuwaka. Bibi Muhuri alimrithi kwa marehemu dada yake, pamoja na kikapu cha kulalia na mfuko wa chakula kikavu cha dukani. Mbwa alifika akiwa na mabaka mgongoni, akijikuna usiku na mchana kama anayetafuta kitu alichokipoteza chini ya ngozi. Bibi Muhuri alimimina chembe chache za chakula kile kiganjani, akazinusa, akaipasua moja kwa ncha ya kisu, akaitazama ndani.

"Hiki kilikuwa nyama lini?" alimwuliza mbwa.

Mfuko ukaenda jalalani. Tangu siku ile Kibiriti alikula nyama mbichi: moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa, ini kidogo, na shingo za kuku, ambazo alizitafuna kwa mifupa yake huku amefumba macho kwa utamu. Baada ya miezi miwili manyoya yalirudi, mabaka yakafutika, na meno yake yakang'aa kiasi cha kumtia wivu bibi mwenyewe, ambaye yake mengi yalikuwa ya kuvaa.

Shida ni kwamba bintiye wa pekee alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa na kliniki yake nyuma ya posta, yenye kuta nyeupe na bango kubwa ukutani lililoeleza, kwa picha, kwa nini mbwa wasipewe nyama mbichi. Na chini ya bango hilo hilo, asubuhi moja ya chanjo, Bibi Muhuri aliketi na Kibiriti mapajani, ubavuni mwa fundi saa aliyekuwa amemfunga mbwa wake mdogo kwa shali.

"Huyu wangu hali kabisa, mama," fundi saa alilalamika. "Namwekea, ananusa, ananitazama kama nimemtukana."

"Unamwekea nini?"

"Hivi vichembe vya dukani."

"Basi umemtukana kweli."

Fundi saa akacheka. "Na huyu wako, mbona anang'aa hivi? Unampaka mafuta?"

"Mafuta yapo ndani yake. Fungua mdomo, Kibiriti, waonyeshe watu." Akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. "Unaona? Meno ya mbwa wa miaka tisa hayo. Nyama mbichi, mwanangu. Usisome mabango."

Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi. Binti alisimama kizingitini na koti lake jeupe, na kwa sauti ya upole ambayo watu wote waliomfahamu waliiogopa, akasema, "Mama. Karibu ndani."

Mlango ulipofungwa, upole ulibaki nje.

"Unanivunjia heshima mbele ya wateja wangu!"

"Nimesema uongo, Daktari?" Alikuwa na desturi ya kumwita Daktari pale tu walipogombana.

"Umesema nusu. Mabaka yalikuwa ya viroboto, na dawa ya viroboto nilimpa mimi, wiki ile ile uliyoanza kumpa nyama. Hilo humwambii mtu."

"Na meno? Meno nayo yalikuwa na viroboto?"

Binti aliketi, akajifuta uso. "Mama, sibishani kuhusu meno. Mbwa anaweza kula nyama mbichi akanawiri, na bado akabeba bakteria tumboni mwake bila hata kukohoa. Anayeumia ni mtu mwingine. Mwanangu ana miezi kumi. Anatambaa kwenye sakafu yako kila Jumanne na Alhamisi. Kibiriti anamlamba viganja, naye anavitia viganja mdomoni. Unataka nikuchoree?"

Hapo Bibi Muhuri alishika silaha iliyokuwa karibu. Yake ilikuwa fahari.

"Nyama yangu ni safi. Naikagua mwenyewe."

"Tuipime basi. Tupeleke kinyesi cha Kibiriti maabara. Wakikuta kitu, Kibiriti anahamia kwangu kliniki, anakula ninachompa mimi."

"Na wasipokuta?"

"Nitanyamaza."

"Utanyamaza, na utaniomba radhi mbele ya fundi saa."

"Mbele ya fundi saa," binti alikubali, akanyoosha mkono. Bibi Muhuri akaupokea. Watu waliofanya naye kazi wangeweza kushuhudia kwamba mkono ule ukishatolewa haurudi.

Wiki ile ya kungoja aliishi kama aliyekwisha kushinda. Akiwa jikoni alifanya kila kitu kwa taratibu za machinjioni. Visu vilikuwa viwili daima, kimoja mkononi na kimoja ndani ya maji yanayofuka mvuke, akivibadilisha kila baada ya kipande. Ubao aliusugua kwa chumvi. Na nyama, kabla haijamfikia Kibiriti, aliitundika kwenye kulabu ya chuma juu ya sinki, ining'inie ichuruzike na kupigwa na hewa, maana katika maisha yake yote hakuwahi kuona nyama ya heshima ikilala kwenye sahani. Kibiriti alikaa chini ya kulabu, shingo juu, akitazama matone yakidondoka.

Jumamosi asubuhi binti alifika na karatasi mkono mmoja na sanduku la kubebea mbwa mkono wa pili. Lile sanduku lilisema yote kabla ya karatasi, lakini Bibi Muhuri alivaa miwani akaisoma hadi mstari wa mwisho.

"Bakteria wa salmonela," alisema. "Wamechanganya sampuli."

"Hawakuchanganya. Nilipeleka mara mbili."

"Mbwa mzima kabisa huyu! Mtazame!" Na kweli Kibiriti alikuwa akizunguka miguu yao, mkia wake ukitikisa mwili wote.

"Nilikwambia angekuwa mzima. Hiyo ndiyo..." Binti aliinua uso. Macho yake yalikuwa juu ya sinki, ambapo shingo tano za kuku zilining'inia kwenye kulabu, zimelegea, zikitona. "Mama, hizi zipo hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla sijanywa chai. Nyama lazima ining'inie ipumue, hilo hata wewe ulifundishwa."

"Ng'ombe, Mama."

"Eh?"

"Ng'ombe ndiye huning'inizwa. Nusu ya ng'ombe, na utando wake wa mafuta nje, ndani ya chumba cha baridi. Hizi ni shingo za kuku. Zimetoka kwenye friza, zinayeyuka, na joto hili, na sasa ni saa nne."

Bibi Muhuri alizitazama zile shingo. Katika miaka yake thelathini na mmoja hakuwahi kukagua kuku hata mmoja. Kuku walikuwa na jengo lao ng'ambo ya uwanja na mkaguzi wao, bwana mmoja mfupi na mpole ambaye yeye na wenzake walimwita Mkaguzi wa Manyoya, wakimcheka kila alipopita na beseni zake za barafu. Barafu. Yule bwana alikuwa hatembei bila barafu, nao walimwuliza kama kuku wake wanasikia joto.

"Na hata ng'ombe," binti aliendelea, taratibu sasa, kwa kuwa aliona kitu kimevunjika usoni mwa mama yake, "bakteria hawaonekani kwa kisu."

"Najua hawaonekani!" Bibi Muhuri aliwaka. "Unadhani baridi na maji moto vilikuwa vya mapambo? Usinifundishe kazi yangu. Nifundishe ya kuku, hiyo siijui. Hiyo nimekosea."

Neno hilo la mwisho alilitamka wazi, kama anayesoma orodha. Kisha akafanya jambo ambalo binti hakulitarajia. Alifungua friza, akatoa vifurushi vyote vya kuku, akavimwaga ndani ya sinki pamoja na zile shingo tano. Akachukua kisu akavichanja kipande kimoja kimoja, mikato mirefu iliyokatizana, na juu yake akamimina chupa nzima ya buluu ya kufulia. Ndivyo walivyofanya machinjioni kwa nyama iliyokataliwa: inachanjwa na kutiwa rangi, ili asipatikane mjanja wa kuiokota akaiuza. Alifunga mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, akaiweka nje ya mlango wa nyuma. Akasugua sinki, ubao, kulabu, sakafu. Akanawa mikono hadi viwikoni. Binti alitaka kumsaidia, akaondolewa kwa bega.

Alipomaliza, jikoni kulinuka dawa kama wodi. Binti alipiga goti moja, akafungua kilango cha sanduku.

"Njoo, Kibiriti."

"Hapana," alisema Bibi Muhuri.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Ulinipa mkono."

"Nilikupa. Sasa naurudisha." Alikuwa amesimama kati ya sanduku na mbwa, aproni imelowa, alama za buluu zimebaki kwenye kucha. "Miaka thelathini na mmoja sijarudisha neno langu hata kwa mkurugenzi. Nilikuwa naliweka akiba, sijui kwa ajili ya nini. Leo nalitumia lote."

"Hiyo siyo haki."

"Siyo haki, nakubali. Lakini niambie wewe msomi. Mkaguzi akikuta kosa kwenye machinjio hufanya nini? Huwachukua ng'ombe akaenda kuishi nao nyumbani kwake?"

Pembe za mdomo wa binti zilicheza, akazikaza. "Huandika kosa."

"Huandika kosa. Halafu?"

"Hutoa siku za kurekebisha. Halafu hurudi kupima upya."

"Basi andika. Nipe siku ishirini na moja. Nyama itachemshwa. Mtoto asikanyage hapa mpaka majibu yawe safi. Mimi nitakuja kwenu kumwona, nimeoga, bila mbwa. Siku zote mjukuu wangu atakapokuwa wa kutambaa na kulamba vidole, nyama mbichi haitaingia nyumba hii. Hilo simfanyii daktari wala bango. Namfanyia yeye. Akishajua kunawa mikono, nitakufungulia kesi hii upya."

"Na chakula kikavu? Mama, kile kimepimwa, kina kila kitu mbwa anachohitaji."

"Hata mimi nimepimwa, nikashindwa, na bado nipo. Vichembe vyako hapana. Niandikie cha kuongeza kwenye nyama ya kuchemsha ili asipungukiwe, nitafuata mpaka nukta. Ila mbwa huyu alilala kwenye miguu ya dada yangu mpaka siku ya mwisho. Hatoki humu ndani ya sanduku."

Walitazamana, wanawake wawili wenye taya moja. Binti ndiye aliyevuta kiti kwanza. Aliigeuza karatasi ya maabara, akatafuta kalamu, akaanza kuandika masharti upande wa nyuma. Aliandika kwa mwandiko safi, mama yake akisoma juu ya bega lake.

"Hapo umeandika 'tumeahirisha kumhamisha.' Nani ameahirisha?"

"Nimelainisha tu, Mama."

"Usilainishe. Kumbukumbu hailainishwi. Andika: mwenye mbwa amekiri kosa, na amekataa kumtoa mbwa."

"Unataka ibaki hivyo kwenye jalada langu?"

"Ibaki hivyo hivyo. Siku nikishindwa tena, uwe na cha kunionyesha."

Binti alifuta, akaandika upya. Bibi Muhuri alichukua kalamu, akasoma kila neno kwa midomo, akatia sahihi kwa herufi kubwa zilizovuka mstari. "Sasa kunywa chai, mwanangu," akasema, "maana umekuja na njaa na hasira, na mimi ninaweza kutibu kimoja tu."

Binti hakuweza kukaa. Kliniki ilikuwa inamngoja. Aliondoka na sanduku tupu, likigonga kila ngazi aliyoshuka, na hakuahidi kwamba angekuwa mpole siku ya ishirini na moja.

Bibi Muhuri aliwasha jiko. Moyo wa ng'ombe ulichemka taratibu, rangi yake ikitoka nyekundu kwenda kijivu, naye alisimama akiutazama kwa uso wa mtu anayehudhuria maziko ya mpinzani aliyemheshimu. Aliupoza, akaukata vipande vidogo, akauweka bakulini. Kibiriti alikuja mbio, akanusa, akarudi hatua moja nyuma, akakaa. Akainua macho.

"Usinitazame hivyo," Bibi Muhuri alimwambia. "Kula. Hata mimi sijakubali."