Upande wa Dirishani

Fundi seremala alikipima kitanda changu mara mbili, akaikunja futi yake, kisha akasema mbao nzuri namna ile hazikatwi. Akataka tubadilishane: nichukue kitanda kidogo kilicho tayari karakanani kwake, naye akichukue hiki. Nilimwambia sikumwita tufanye biashara, nilimwita akate. Akanitazama kama anayesema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Tangu nimzike mume wangu, mwaka na ushei sasa, nimekuwa nikilala ukingoni, upande wa mlangoni, kama mgeni anayeogopa kukunja shuka za watu. Upande huo nilipewa na watoto: walipolia, mimi ndiye niliyeamka, na baba yao akaendelea kukoroma dirishani kama mfalme. Binti yangu hunishauri kwenye simu nijinyooshe, nilale katikati, kitanda chote ni changu. Nilijaribu. Katikati hapajawahi kulaliwa na mtu. Godoro limeinuka kama tuta, nikajiona nimelala mpakani mwa mashamba mawili, langu na la marehemu. Usingizi uliruka. Nimechoka, jamani. Nataka kitanda kinachojaa nikilala peke yangu.

Fundi alishusha pumzi, akachomoa penseli sikioni. Alinieleza kwamba godoro nalo litakatwa, kwa kisu, na halitaungika tena.

"Sasa mama, nikate upande upi?"

Lilikuwa swali la kazi tu. Nami nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Niliyatazama mabonde mawili kwenye godoro: langu jembamba, lake pana, la mtu aliyependa kula. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye akili timamu. Aliyeondoka ndiye anayekatwa.

"Huu wa mlangoni," nikasema.

Akalitazama bonde jembamba. "Si ndio unaolalia wewe?"

"Kata, mwanangu."

Akakata. Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza, akaondoka na upande wangu begani, vumbi la mbao likimdondoka hadi nje. Nilifunga mlango, nikajilaza kwenye bonde la mume wangu. Lilinimeza mzima mzima, mabega na nyonga, nikalia hadi nikanyamaza mwenyewe. Kisha nikageuka kuelekea mlangoni, kama alivyokuwa akigeuka yeye kila alfajiri kunitazama. Pale nilipokuwa nikilala palikuwa na sakafu tupu.