Dakika Ishirini za Mfereji

Kwa miaka tisa nilimwita jirani yangu Elinaza mwizi wa maji. Zamu yangu ni dakika sitini tangu ndiva, bwawa letu la kumwagilia hapa Suji, inapofunguliwa hadi inapofungwa, lakini maji yalikuwa yakinifikia dakika ishirini baadaye. Shamba lake liko juu ya langu. Nani mwingine?

Likizo hii mwanangu Dorkas, mwalimu wa fizikia, alitupa jani mferejini akatembea nalo, simu mkononi. Mfereji una mita mia sita. Jani lilikwenda mita thelathini kila dakika.

“Hakuna aliyeiba, mama. Maji yalikuwa njiani.”

“Na dakika zangu ishirini?”

“Ndiva ikifungwa, maji yaliyomo mferejini bado yanakuja. Wewe unafanya nini?”

Zamu ikiisha naziba njia ya maji ya shamba langu papo hapo, nisije nikaitwa mwizi mimi. Maji yaliyobaki yanaishia korongoni.

Zamu iliyofuata sikuziba. Maji yakaendelea kuja dakika ishirini kamili, maharage yakanywa. Elinaza akapita na jembe lake, akanisalimia kama alivyonisalimia miaka yote tisa.

Siku hiyo nikaitikia.